Picha ya ndege wa msituni: anza na mdomo, rangi baadaye

Mtu anayeleta picha ya ndege aliyoipiga katika misitu ya Amani, Kakamega au Bwindi karibu kila mara huanza na rangi: ni wa kijani, tumbo manjano. Kwa ndege wa nyika iliyo wazi maelezo hayo mara nyingi yangetosha. Ndani ya msitu wa mvua rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, na picha nyingi nzuri hupewa jina la uongo kwa kuuamini ushahidi wake.

Mwanga unaofika chini ya miti mirefu umeshapita kwenye majani, kwa hiyo umebeba ukijani. Koo jeupe huonekana lina manjano hafifu, na kijivu hugeuka zeituni. Kamera nayo hujirekebisha ili kuuondoa ukijani huo, na mara nyingi huzidisha, ndege wa kijani akatoka kahawia. Akiwa juu tawini na anga jeupe nyuma yake, anakuwa kivuli kitupu. Ukiilazimisha picha iwe na mwanga zaidi, tumbo linapauka. Simu, kwa upande wake, hulainisha picha iliyopigwa gizani, na katika kulainisha hufuta michirizi midogo ya kidari ambayo pengine ndiyo tungeitegemea. Kwa hiyo kabla ya kumkagua ndege, tafuta ndani ya picha hiyo hiyo kitu ambacho rangi yake unaijua. Kama gome la mti limetoka la waridi, usiiamini rangi ya manyoya.

Urefu wa mdomo haubadilishwi na mwanga. Ulinganishe na urefu wa kichwa, kisha linganisha mkia na kiwiliwili. Usambara Mashariki yuko ndege mdogo wa kijivu aitwaye Artisornis moreaui, ambaye nje ya hapo anajulikana katika uwanda wa Njesi tu, kaskazini mwa Msumbiji. Rangi yake haikuambii kitu. Mdomo wake mrefu, mwembamba, ndio unaomtaja.

Mtihani mgumu zaidi ni jamii ya shore. Shore wa mijini, yule mwenye kichwa cheusi, anajulikana na kila mtu, lakini ndugu zake wa msituni ni wengi na karibu wote ni wa kijani cha zeituni. Hapo ndipo macho ya ndege yanapokuwa na thamani. Phyllastrephus fischeri, ambaye utampata kwa mfano katika msitu wa Arabuko-Sokoke, akikomaa ana jicho jeupe kama maziwa. Phyllastrephus placidus wa misitu ya milimani ana jicho la kahawia. Kuza picha hadi uone jicho lenyewe. Lakini kumbuka pia umri. Kakamega kuna shore mwenye mstari wa manjano kila upande wa koo, Eurillas latirostris, na kinda wake bado hana mstari uliokolea, hivyo hupewa jina la jirani yake kwa urahisi sana.

Manyoya yanaweza kuhadaa hata ndege akiwa mkononi. Mwaka 1984, katika msitu wa Cavally nchini Liberia, alipatikana ndege wa jamii hii mwenye madoa meupe kwenye ncha za manyoya ya mbawa. Mwaka uliofuata alitangazwa kuwa spishi mpya, Phyllastrephus leucolepis, kwa kielelezo hicho kimoja. Misafara iliyomtafuta baadaye haikumwona. Mwaka 2017 wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, walitoa matokeo ya uchunguzi wa DNA: hakukuwa na tofauti ya maana kati yake na Phyllastrephus icterinus, ndege wa kawaida wa misitu hiyo. Huenda madoa yale yalitokana na upungufu wa lishe wakati manyoya yanakua.

Programu za kutambua ndege, kama Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, zinasaidia, nami nawashauri watu wazitumie. Ila hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kutambuliwa, na ndege wa bustanini ana picha nyingi kuliko anayejificha kwenye giza la msitu. Jibu lolote la programu lilinganishe kwanza na ramani ya mahali spishi hiyo inapoishi.

Mpige picha nyingi mfululizo, wala usifute zile mbaya: picha iliyotikisika huenda ndiyo pekee iliyoonyesha mkia kwa chini. Hifadhi picha nzima kabla ya kuikata. Ndege akilia, rekodi video hata kama haonekani, kwa sababu shore wa msituni hutambulika kwa sauti upesi kuliko kwa sura. Na kama baada ya yote hayo umefika kwenye jenasi tu, andika Phyllastrephus uishie hapo, pamoja na mahali, mwinuko, tarehe, na kama alikuwa chini vichakani au juu kwenye vilele vya miti. Rekodi ya namna hiyo mtu mwingine anaweza kuikamilisha hata miaka mingi baadaye. Yenye jina la kubahatisha itabidi kwanza aivunje.