Kujichunguza Kabla ya Meza

Wakristo wengi hudhani kujichunguza ni jambo la faragha: mtu, dhambi zake na Mungu wake. Lakini Paulo, alipowaagiza Wakorintho wajipime kabla ya Meza ya Bwana, alikuwa akikemea jambo la hadharani: wenye nacho walishiba huku maskini wakikaa na njaa. Onyo hilo lina uzito wa pekee Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa na akina mama wa Kiturkana hubadilishana kuni na makaa kwa unga wa wakimbizi. Bei ya mzigo ule wa kuni ni swali la dhamiri kwa pande zote mbili.

Wapo watakaosema aliyekimbia vita asitwishwe hatia tena. Hoja hiyo ni nzito. Ila njia ya kujichunguza ya Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, huanza na shukrani. Makosa hufuata baadaye. Isitoshe, wa kwanza kuulizwa si aliye kwenye foleni, bali anayegawa, pamoja na sisi tunaokula mara tatu kwa siku. Jimbo Katoliki la Lodwar, ambamo Kakuma imo, lililoundwa mwaka 1978, linawahudumia wenyeji na wakimbizi vilevile. Basi kabla ya komunyo Jumapili hii, jiulize: ni jirani yupi hajala?