Vumbi la Mgodi Halipimwi Bila Kuujua Upepo

Makaa ya mawe ya Ngaka huchimbwa Mbinga, mbali na bahari. Lakini bei ilipopaa duniani mwaka 2022, malori yakamiminika bandari ya Mtwara, na hoja ya vumbi ikafika pwani nayo. Kilwa haina makaa, ila ina jasi ya Makangaga, inayochimbwa kwenye mashimo ya wazi vilevile. Kanuni za kupima vumbi lake ni zilezile.

Chombo chenyewe ni pampu inayovuta hewa kupitia chujio kwa saa 24. Chujio hupimwa uzito kabla na baada. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chembe za PM10, zile zisizozidi mikroni 10, zisipite mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa siku; PM2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, zisipite 15. Pampu ya lita 16.7 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 24 kwa siku, kwa hiyo hewa iliyofika kikomo cha PM10 huacha miligramu moja na ushee tu. Punje ya mchele ina uzito wa karibu mara ishirini ya huo! Chujio likinywa unyevu wa pwani, hesabu imeharibika. Ndiyo maana hukaushwa kwenye chumba maalumu kabla ya kupimwa. Chumvi ya bahari nayo hunaswa, na mgodi ukabebeshwa lawama isiyo yake.

Dawa ni pampu mbili: moja upande upepo unakotoka, nyingine unakoelekea, kisha unatoa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Hapa ndipo wengi huteleza. Pampu iliyo upande safi wakati wa kusi, Julai, huwa ndiyo inayokula vumbi kaskazi ikivuma Januari. Wavuvi wa Kilwa Kivinje hawahitaji kuelezwa hilo.

Watu hulaumu mashine ya kuchimba, ilhali mara nyingi vumbi jingi hutoka barabara ya udongo ya malori. Hukadiriwa kwa uzito wa lori, unga ulio barabarani na kilomita linazokwenda. Kuimwagia maji hupunguza sana.

Ripoti ikisomwa kwenye mkutano wa kijiji, ulizeni pampu zilisimama wapi, na mwezi gani. Vipimo vya Aprili, masika yakiwa yamekolea, vitaonyesha hewa safi hata kando ya shimo.