Bei ya Spana na Ubora Wake

Fundi wa baiskeli afanyaye kazi chini ya mwembe hukabiliwa na swali moja kila aendapo dukani kununua vifaa. Spana mbili za milimita 15 zimewekwa mbele yake, zote zinang'aa, lakini bei ya moja ni mara nne ya ile nyingine. Je, tofauti hiyo hununua nini?

Jibu limo mahali chuma cha spana kinapogusana na nati. Nati ya kawaida ina pande sita. Kinywa cha spana kikilingana nayo barabara, nguvu ya mkono huenea juu ya pande hizo. Kinywa kikiwa kipana, hata kwa nusu milimita tu, spana huzunguka kidogo kabla ya kushika, na kinachoshikwa si upande tena bali ni pembe mbili zinazokabiliana. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kilo 20 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 20, kila moja ya pembe hizo hupata msukumo unaokaribia kilo 450. Pembe husagika, nati huwa duara, na gurudumu la nyuma, ambalo ndilo hubeba gunia la mkaa au la mahindi, haliwezi tena kukazwa ipasavyo. Akiba iliyopatikana dukani hulipwa kwa nati mpya, na pengine kwa ekseli mpya, baada ya ile nati ya zamani kukatwa kwa patasi.

Spana nzuri hufuliwa ingali moto, aghalabu kwa feleji iliyochanganywa na kromu na vanadi. Kisha hupashwa moto na kupozwa ghafla ili iwe ngumu, na hupashwa tena kwa joto dogo zaidi ili isivunjike kama kioo. Kung'aa hakuonyeshi lolote katika hayo, maana kromu ya juu ni ngozi nyembamba tu; hata maneno yaliyogongwa kwenye mpini si ushahidi. Afadhali spana ivikwe kwenye nati mpya na kutikiswa. Njia nyingine ni kupitisha tupa pembeni mwa kinywa chake: feleji laini huliwa upesi, na ile ngumu huipinga tupa. Jaribio hili la pili, bila shaka, halitampendeza mwenye duka.

Spana ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita spana malaya, haifai sana kwa nati zilizokazwa mno hata ikiwa ghali, kwa kuwa taya lake lazima liwe na nafasi ya kutembea, na nafasi hiyo ndiyo inayoharibu pembe.

Usahihi huhitajika zaidi katika ufunguo mdogo wa kukazia spoku. Nati za spoku aghalabu ni za shaba, nazo zina pande nne zenye upana wa milimita 3 hadi 4 tu. Ufunguo uliolegea kidogo huziviringa mara moja, na gurudumu lililopinda hubaki limepinda. Kwa bahati njema, ufunguo ulio bora si ghali sana.

Lakini vipo vifaa ambavyo bei yake kubwa haina faida kwa fundi huyu. Kipimo maalumu cha uchakavu wa mnyororo kinaweza kuachwa dukani, mradi ipo rula. Pini za mnyororo wa baiskeli hupishana kwa nusu inchi. Kwa hiyo nafasi 24 zinapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Ikizidi kwa 1/8, hata meno ya magurudumu yake yamekwisha kuliwa. Vyuma vya kutolea tairi navyo vyaweza kuwa vya bei ndogo kabisa, ila kingo zake zisuguliwe ziwe laini zisije zikatoboa mpira wa ndani.

Makampuni kama Park Tool ya Marekani, iliyoanza mwaka 1963, hutengeneza vifaa kwa ajili ya karakana zinazofungua baiskeli nyingi kila siku. Mwenye baiskeli moja, afunguaye pedeli mara mbili kwa mwaka, hana haja ya seti nzima ya namna hiyo. Spana moja inayolingana na nati za ekseli yake, pamoja na ufunguo wa spoku, vyamtosha. Akumbuke tu kwamba hesi za pedeli ya kushoto ni za kinyume: hufunguliwa kwa kufuata mshale wa saa, na spana ya bei yoyote ikivutwa kwa upande mwingine huikaza zaidi.