Unaponunua kompyuta, uliza pia kuhusu pawasaplai

Mkazi wa Kainuk anayetaka kufungua saiba, au shule inayonunua kompyuta zilizotumika kutoka Kitale au Lodwar, kwa kawaida huuliza kuhusu kioo na kasi ya mashine. Kisanduku cha bati kinachopokea waya wa stima hakiulizwi. Kumbe kikiungua kinaweza kuharibu mashine nzima, pamoja na fomu za basari zilizohifadhiwa humo.

Kisanduku hicho ndicho pawasaplai. Hugeuza umeme wa volti 240 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Umeme hupitia fyuzi na koili za kuuchuja, kisha kapasita kubwa yenye umbo la mkebe, halafu transfoma, na mwishowe kapasita ndogo zinazoutuliza. Mtengenezaji anayebana gharama huanza na zile koili: huziacha, na mahali pake huunganisha vipande vya waya. Hupunguza pia mabati ya kupoza joto, ndiyo sababu pawasaplai duni huwa nyepesi mkononi.

Kwetu Turkana, kapasita ndizo za kuangaliwa zaidi. Kila moja huandikwa kiwango chake cha joto, mara nyingi nyuzi 85 au 105. Joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa karibu nusu. Mchana wetu hukaribia nyuzi 40 kabla mashine haijawashwa, na vumbi likiziba feni hali huwa mbaya zaidi. Lipia zaidi upate ya 105.

Usidanganyike na namba kubwa iliyo kwenye lebo. Tafuta mstari wa volti 12, ambao ndio hubeba kazi nyingi katika kompyuta za sasa, kisha zidisha. Ukisoma ampea 18, hizo ni wati 216 tu, hata kama juu pameandikwa 500.

Tafadhali usikifungue kisanduku mwenyewe. Kapasita kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaua. Mulika tochi kupitia matundu ya feni. Ukiona kapasita iliyovimba kichwa au iliyovuja, usilipe. Yanayohitaji kisanduku kufunguliwa, kama kusoma kiwango cha joto au kuhakikisha koili zipo, mwachie fundi wa elektroniki, na afanye hivyo mbele yako kabla hujatoa pesa. Kurudisha mashine Kitale ni nauli nyingine.