Haji Ali, betri na hita ya saa tisa usiku

Saa tisa usiku hita ilinyamaza. Kwanza feni yake ilipunguza kasi, ikakoroma kama mzee mwenye kifua, kisha kimya. Nikawasha taa. Ikatoa mwanga wa kibatari, nayo ikazima. Nje ni jangwa la Arizona, mwezi wa Januari, na haikuchukua muda tukaanza kuona pumzi zetu ndani ya trela.

“Baba watoto,” mke wangu akasema kutoka chini ya blanketi, “si ulisema betri imejaa?”

Nilisema.

Miaka miwili tumekuwa tukilikokota trela hilo hadi kambi za kulipia, ambako unachomeka waya wa umeme, unafunga mpira wa maji, unaunga bomba la maji machafu, maisha yanaendelea kama uko nyumbani. Safari hii hatukuchomeka chochote. Wamarekani wanaiita kambi kavu, na ukitaka kuiona vizuri nenda Quartzsite, kimji kilicho karibu na mpaka wa California, ambacho kila majira ya baridi hufurika wastaafu na nyumba zao za magurudumu. Ardhi inayokizunguka sehemu kubwa ni ya serikali kuu. Kwingi unakaa bure hadi siku 14. Sisi tulilipa dola 40 kwa siku hizo hizo pale La Posa, kwa kuwa kuna pa kuchota maji na pa kumwaga uchafu. Ukishaegesha, ni wewe na matangi yako matatu: la maji safi, la maji ya sinki na kuogea, na la choo, ambalo halihitaji maelezo.

Kuhusu maji sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ya madumu na ndoo, na kwa kuoga makopo mawili nilikuwa bingwa. Tangi letu linabeba lita 150. Nikamfundisha binti yetu, mzaliwa wa Phoenix, kufunga bomba wakati anajipaka sabuni. Yale maji baridi yanayotangulia kabla ya moto kufika tuliyakinga kwenye jagi, yakawa ya chai. Vyombo tulivifuta kwa karatasi kwanza, ndipo beseni. Jioni ya siku ya pili kipimo kilikuwa bado kinaonyesha theluthi mbili, nami nikawa natembea kambini kifua mbele.

Umeme ndio ulioniumbua. Hesabu yangu ilikuwa hii: hita ni ya gesi, friji ni ya gesi, jiko ni la gesi, mitungi miwili imejaa. Betri ina kazi gani zaidi ya taa? Kumbe gesi inapasha moto tu. Anayeusukuma huo moto hadi vitandani ni feni, na feni inakula ampea 7 hivi kila inapozunguka. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitaki kunyonywa chini ya nusu, kwa hiyo matumizi halali ni 50. Jioni ile binti alikausha nywele kwa dakika kumi kwa mashine ya wati 1,200, kupitia inveta. Gawanya kwa volti 12: ni ampea 100. Zile dakika kumi zilikula kama theluthi ya akiba yetu, na hita haijawashwa bado.

Jenereta tulikuwa nayo, lakini kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa za utulivu. Tukajikunyata wote kitanda kimoja.

Asubuhi jirani, mzee wa miaka sabini na ushei, alisikiliza kisa chote bila kucheka, jambo ambalo bado namshukuru. Paneli zake za sola alikuwa anazigeuza kufuata jua kama mtu anayeanika dagaa. Pasha trela kabla ya kulala, akaniambia, kisha zima hita, ongeza blanketi.

Tulipokuwa tukichaji betri kwa jenereta tulikwenda makaburini kumwona Haji Ali. Jeshi la Marekani lilimleta mwaka 1856 pamoja na ngamia, likitafuta mnyama wa mizigo anayevumilia kiu ya jangwa hili. Ndimi za wenyeji zilishindwa na jina lake, akaishia kuitwa Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye ngamia kileleni. Nikamsomea dua.

Usiku wa tatu tulizima hita saa nne. Mke wangu akalala na kilemba na soksi jozi mbili. Alfajiri nikanyata gizani hadi kwenye mita: volti 12.4. Nikatangaza kwa sauti kama matokeo ya Simba na Yanga. Blanketi zikatingishika kidogo, lakini hakuna aliyetoa kichwa.