Je, Wajua? Gari Kuukuu na Spana Mkononi

Gari likizima porini kati ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, fundi wa kwanza ni wewe uliyeshika usukani. Chukua haya uanzie.

Je, wajua kwamba Nachingwea iliwahi kuwa kituo cha mradi uliotumia vifaru vilivyogeuzwa trekta? Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa na vituo vitatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta zilipoadimika, kampuni ya Vickers ilivigeuza vifaru vya Sherman vya Vita Kuu ya Pili kuwa trekta zilizoitwa Shervick.

Je, wajua kilichoziua mashine za mradi huo? Nyingi zilikuwa mabaki ya vita, zimeshachoka. Vipuri vilikuwa haba na mafundi wachache. Kabla ya 1947 kwisha, theluthi mbili ya trekta zilikuwa hazifanyi kazi. Mradi ulivunjwa 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mashine isiyo na fundi ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Je, wajua kwamba karanga zenyewe zingeweza kuendesha injini? Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Usijaribu kwenye gari lako: mafuta hayo ni mazito, huziba filta na nozeli.

Je, wajua kwamba reli iliwahi kufika Nachingwea? Iling'olewa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho na ufuta hutegemea magurudumu ya barabarani.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche? Pistoni huibana hewa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta. Zile hita plagi kazi yake ni kuipasha injini joto inapokuwa baridi.

Je, wajua kwamba plagi ya gari la petroli inasomeka? Ikiwa kahawia hafifu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi hewa. Anza kwa kuangalia filta ya hewa, maana vumbi letu halina simile. Plagi ikiwa imelowa oili, shuku ringi za pistoni au sili za valvu.

Je, wajua lugha ya moshi? Mweusi: mafuta yamezidi. Wa samawati: oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto: maji ya rejeta yanaingia ndani, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa.

Je, wajua kwamba maji ndani ya rejeta hupita nyuzi 100 bila kuchemka? Kifuniko huyaweka chini ya mgandamizo. Ukikifungua injini ikiwa ya moto, yanalipuka usoni. Subiri mpaka mkono uweze kutulia juu ya rejeta.

Je, wajua kwamba maji hayabanwi kama hewa? Mvua zikikolea, Mto Mbwemkuru na vijito vyake hufurika. Gari likizima ndani ya maji usipige stata: maji yakiwa kwenye silinda, mkono wa pistoni hupinda. Livuteni nje, kisha chomoa kijiti cha oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, imwage.

Je, wajua kwamba betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6? Ina seli 6, kila moja volti 2.1. Injini ikiunguruma, testa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, usikimbilie kununua betri. Kagua mkanda na oltaneta kwanza. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukifunga, umalizie nao, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche.

Je, wajua kwamba injini nyingi za silinda 4 huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2? Nyaya mbili za plagi zikibadilishana nafasi, gari linatetemeka au linagoma kabisa. Kabla ya kuchomoa, funga kila waya kitambaa chenye namba yake.

Je, wajua kwamba jeki ni ya kunyanyulia tu? Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, zuia tairi kwa mawe, lisukume kidogo uone kama limetulia.

Je, wajua kwamba somo la kwanza halina ada? Kesho alfajiri, kabla ya kuwasha, tandaza boksi kuukuu chini ya injini ulipoegesha. Tone jeusi ni oili ya injini, jekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au usukani, na maji ya rangi ni ya rejeta. Andika tarehe na ulichokiona kwenye daftari. Daftari likijaa, majirani watakuwa wanakuita fundi.