Jinsi Ini Linavyozitambua Chembe za Damu Zilizozeeka

Katika damu yetu mna chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kuziba jeraha mtu akatwapo. Kila moja huishi siku 8 hadi 10 tu, kisha huondolewa. Je, mwili huzijuaje zilizochakaa?

Chembe hiyo imevikwa minyororo ya sukari. Ikiwa changa, ncha za minyororo hufunikwa na asidi ya siali. Ikizeeka, kifuniko hicho hubanduka, na sukari iitwayo galaktosi hubaki wazi. Katika ini mna protini zinasazo sukari, ziitwazo lektini. Hizo huikamata galaktosi, na ini huimeza chembe nzima.

Jambo hili lina maana kubwa hospitalini. Chembe hizi zikitiwa katika jokofu, sukari zake hujipanga vingine. Mgonjwa akiongezwa, ini lake huziondoa upesi. Ndiyo sababu kwa kawaida huwekwa katika joto la nyuzi 20 hadi 24, na kwa siku 5 hadi 7 tu.

Basi, akiba yake haidumu. Enyi wazazi na walimu wenye afya, msichoke kutoa damu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne